Kabla Hamjabadilisha Sensa: Barua ya Wazi kwa Mafundi wa Magari ya Turbo

Ndugu zangu mafundi,

Nawaandikia ninyi wa Gerezani na Ilala, wa Kirinyaga Road kule Nairobi, wa Mbeya, Arusha, Mombasa na Eldoret, mnaofungua boneti za Subaru, Golf na Chaser zenye turbo tangu asubuhi mpaka giza linaingia. Mimi ni fundi kama ninyi. Nina jambo moja tu: gari la turbo linalokula mafuta, na namna tunavyolitafutia ugonjwa.

Dalili mnazijua kuliko mtu yeyote. Mdomo wa ekzosi umejaa masizi meusi makavu, na plagi zikitolewa zimevaa masizi yaleyale. Asubuhi gari likiwashwa uani, harufu ya petroli inaingia mpaka sebuleni. Mwenye gari anasema zamani tangi lilimpeleka Morogoro na kumrudisha Dar, siku hizi anaongeza Chalinze. Taa ya injini inawaka, mashine inaunganishwa, inasoma P0172, na matumizi ya pesa yanaanzia hapo.

Anaambiwa sensa ya oksijeni imekufa. Inabadilishwa, kosa linafutwa, taa inapotea siku mbili kisha inarudi. Zinafuata nozeli, zinapelekwa kuoshwa. Inafuata sensa ya hewa ya mtumba, imetolewa kwenye gari lililopata ajali. Mwisho inasingiziwa kompyuta. Nimepokea magari ambayo karibu kila kitu upande wa mafuta kilikuwa kipya, na moshi mweusi ulikuwa uleule, kwa sababu ugonjwa haukuwa upande wa mafuta hata kidogo. Ulikuwa upande wa hewa, au upande wa maji ya kupoozea injini.

Ombi langu kwenu ni kwamba isinunuliwe spea yoyote kabla vipimo havijaonyesha nani anaidanganya kompyuta. Vipimo vyenyewe havihitaji gereji ya kifahari, na vingi vyake nitavieleza humu.

Tuanze na hiyo P0172, maana wengi wetu tunaisoma vibaya. Haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta imeona mafuta yamezidi, ikapunguza, ikapunguza tena, mpaka ikafika mwisho wa kiwango inachoruhusiwa kupunguza, na bado yamezidi. Mara nyingi sensa iliyoleta taarifa hiyo ni nzima. Ile ya kawaida, isiyo ya wigo mpana, injini ikiwa ya moto hupanda na kushuka muda wote kati ya volti 0.1 na 0.9. Kama una shaka nayo, chomoa mpira mmoja mwembamba wa vakyumu injini ikiwa kwenye sailensi. Hewa ya ziada itaingia na, kwenye gari lenye sensa ya hewa, volti lazima zishuke. Zikishuka, sensa inafanya kazi. Rudisha mpira na utafute kwingine. Kipimo hiki hakichukui dakika tano wala hakigharimu shilingi, na kingeokoa sensa nyingi sana ambazo leo zimetupwa kwenye ndoo za vyuma chakavu.

Petroli inataka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta ili vyote viungue sawasawa. Hicho ndicho kiwango ambacho kompyuta inakitafuta gari likitembea taratibu. Turbo ikianza kusukuma, kompyuta yenyewe kwa makusudi inaongeza mafuta, gramu 12 au 11 tu za hewa kwa gramu 1, kwa sababu mafuta ya ziada yanapooza chumba cha moto na kuzuia injini kugonga. Kwa hiyo ukungu mwepesi mtu akikanyaga mpaka chini si ugonjwa. Ugonjwa ni pale gari linapokosa nguvu, linakohoa, na nyuma linaacha wingu.

Kwenye skrini ya mashine kuna namba mbili ambazo wengi tunazipita haraka kukimbilia kufuta kosa: STFT na LTFT. Ya kwanza ni marekebisho ya mafuta ya sasa hivi. Ya pili ni marekebisho ambayo kompyuta imekwisha kuyazoea. Zijumlishe. Jumla ikiwa kati ya −5 na +5 kwa mia, hesabu ya kompyuta inaendana na hali halisi ya injini. Ikiwa −18, kompyuta inakata asilimia 18 ya mafuta ambayo hesabu yake ya kwanza ilisema yanahitajika.

Zisomeni injini ikiwa ya moto, kwanza kwenye sailensi, kisha kwenye mizunguko 2,500 gari likiwa limesimama. Zikiwa mbaya kwenye sailensi na kupona mizunguko ikipanda, basi kuna mafuta kidogo yanayoingia muda wote bila ruhusa: nozeli inavuja, diaframu ya regulata ya mafuta imetoboka, au vali ya mvuke wa tangi imekwama wazi. Mafuta hayo ni mengi kwa injini inayovuta hewa kidogo, na hayahesabiki kwa injini inayovuta hewa nyingi. Regulata msiibahatishe: chomoa mpira wake wa vakyumu na unuse. Ukikuta harufu kali au unyevu wa petroli ndani, umepata jibu lako. Namba zikiwa mbaya kwa kiwango kilekile kwenye sailensi na kwenye mizunguko ya juu, pima presha ya mafuta, kisha itazame sensa ya hewa.

Lakini turbo ina mtego wake, na hapa naomba tusiharakishe. Turbo ikisukuma kwa nguvu, kompyuta nyingi, hasa za magari ya Japani ya miaka ya 1990 na ya 2000 tuliyoyazoea, huacha kufuata sensa ya oksijeni. Zinafuata jedwali lililoandikwa kiwandani. Hata zingetaka kuifuata, sensa ya kawaida ikishafika volti 0.9 haina la kusema zaidi. Kwake gramu 13 za hewa na gramu 10 ni karibu kitu kimoja. Kwa hiyo gari linaweza kuwa na STFT na LTFT safi kabisa, lisiwashe taa hata mara moja, na bado likatapika moshi mweusi kila linapopanda mlima wa Kitonga. Fundi anayepima gari la turbo likiwa limesimama uani amepima nusu ya gari.

Sasa tazameni njia ya hewa. Kwenye Subaru nyingi zenye turbo, sensa ya hewa inakaa karibu na boksi la filta, kabla ya turbo. Hewa inapimwa pale, inaingia kwenye turbo, inasukumwa kwenda intakula, inapita koo la injini, ndipo inafika kwenye silinda. Kila gramu iliyopimwa imeshahesabiwa, na nozeli zinapewa amri kulingana na hesabu hiyo. Mpira ukipasuka baada ya turbo, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoka nje, lakini mafuta yake yanaingia vilevile.

Chukueni mfano. Sensa imehesabu gramu 100 za hewa gari likiwa kwenye mzigo. Kompyuta inataka 11.5 kwa 1, kwa hiyo inamwaga gramu 8.7 za petroli. Njiani gramu 15 za hewa zimevujia kwenye mpasuko. Silindani zimefika gramu 85 tu, na mchanganyiko sasa ni kama 9.8 kwa 1. Hapo injini inasongwa, moshi unatoka, na hakuna sensa hata moja iliyokosea. Kila moja imesema kweli kuhusu kile ilichokiona.

Niwaonyeshe Forester moja ya turbo, yenye injini ya EJ20, iliyofika kwetu ikiwa imeshapita mikononi mwa wengine. Sensa ya oksijeni mpya, nozeli zimeoshwa, plagi mpya ambazo tayari zilikuwa nyeusi. Kwenye sailensi jumla ya marekebisho ilikuwa −2. Kwenye 2,500 ilikuwa +1. Mtu angeapa kwamba gari ni zima. Tulifunga kipimo cha wigo mpana kwenye ekzosi tukapanda nalo mlima kwa gia ya tatu. Turbo ilipoamka, kipimo kilishuka hadi 10 kwa 1 na gari likaanza kuvuta na kuacha. Tuliporudi tuliziba mdomo wa hewa tukaijaza injini upepo. Haukufika hata nusu ya presha ya turbo, tukasikia mlio chini ya intakula. Mpira unaotoka kwenye turbo ulikuwa umechanika kwa chini, pale klempu inapokaa, na mpasuko wake ulikuwa umejifunga kama mdomo. Ukiuangalia kwa tochi huuoni. Ukiupapasa kwa kidole huuhisi. Ukiujaza upepo unafunguka wenyewe, na povu la sabuni linaruka. Gari lilipona kwa mpira na klempu.

Kifaa cha kipimo hicho tunakitengeneza wenyewe. Nunua kifuniko cha bomba la plastiki kwenye duka la vifaa vya mabomba, kinacholingana na mpira wa kuingilia turbo. Kitoboe katikati, ukifungie valvu ya tairi isiyo na tyubu, basi. Chomoa mpira baada ya sensa ya hewa, ingiza kifuniko, kaza klempu, halafu upepo uutoe kwenye kompresa yenye regulata. Anza na psi 5, panda taratibu, wala usipite presha ambayo turbo yenyewe inatoa. Subaru nyingi ambazo hazijaguswa ziko karibu na psi 12 hadi 14. Utasikia upepo kiasi ukipita kwenye vali zilizo wazi na kutoka kwenye njia ya mvuke wa oili, huo usikutishe. Zungusha injini kidogo kwa mkono ukitaka kuupunguza. Unachotafuta ni mlio wa nje: mipira, viungo vya intakula, gaskiti ya koo, mipira myembamba ya vakyumu. Kompresa ya kujazia tairi iko karibu kila gereji kwetu. Mimi sioni sababu ya gari lolote la turbo lenye moshi mweusi kuandikiwa spea kabla halijajazwa upepo.

Kuna jambo jingine linalohusu hewa hiyohiyo, nalo ni vali ya kupumua turbo. Vijana wengi, hasa Nairobi, wanataka ule mlio gari likiachiwa mafuta. Kiwandani Subaru iliiweka vali hiyo irudishe hewa kwenye mpira ulio kabla ya turbo, kwa sababu hewa hiyo imeshahesabiwa. Ukifunga vali inayoitupa nje, kila dereva anapobadilisha gia mafuta yanazidi kwa kitambo, ekzosi inalipuka, na wakati mwingine injini inazima akifika kwenye taa. Kijana akija kutaka mlio, mwambieni ukweli huu kwanza. Na gari likija na malalamiko ya mafuta huku lina vali ya namna hiyo, rudisheni ya zamani kabla hamjagusa kingine.

Nije kwenye themostati, na hili nalisema kwa uchungu. Tumejenga mazoea ya kuitoa. Gari likichemka mara moja tu, themostati inatolewa na mteja anaambiwa nchi yetu ni ya joto, kifaa hicho ni cha Ulaya na Japani kwenye theluji. Si kweli. Themostati ipo ili injini ifike joto lake na ibaki hapo, iwe Tanga au Sapporo. Kwenye injini za EJ huanza kufunguka karibu na nyuzi 78. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta muda wote. Kwenye foleni ya Ubungo hutaona tofauti, lakini likitoka usiku kwenda Iringa au Njombe, tazameni mashine: nyuzi 55, 60, mwendo mzima.

Kompyuta inayoona nyuzi 55 inaamini injini haijapashika. Inaendelea kuongeza mafuta kama ile choki ya kabureta iliyosahaulika imevutwa, na petroli yenyewe haigeuki mvuke vizuri kwenye kuta zilizo baridi. Dereva haoni taarifa yoyote, maana sindano ya joto kwenye dashibodi ya magari mengi imetengenezwa isicheze sana. Kabla ya kipimo kingine chochote cha gari linalokula mafuta, angalieni joto la maji kwenye mashine baada ya kuliendesha barabarani kwa mwendo. Lisipofika karibu na 80, uliza themostati iko wapi. Kwenye EJ iko chini, upande wa pampu ya maji, na kuirudisha ni kazi ya saa chache. Kama gari lilikuwa linachemka kweli, itafutwe sababu yake: rejeta imeziba, feni haiwaki, mfuniko umechoka, gaskiti ya kichwa imeanza kuvuja.

Sensa ya joto yenyewe pia hukosea. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, joto la maji na joto la hewa kwenye mashine lazima yakaribiane. Dar saa 12 asubuhi yote mawili yawe kwenye nyuzi ishirini na kitu. Sensa ikisema −20, umeshapata mwongo wako.

Wapo waongo wawili zaidi ambao turbo huwaficha vizuri. Ekzosi ikipasuka kabla ya sensa ya oksijeni, tuseme kwenye bomba linalopanda kwenda turbo, hewa ya nje inavutwa ndani, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta yamepungua na inaongeza. Plagi zinakuwa nyeusi huku mashine ikionyesha marekebisho ya juu, +15, +20, na fundi anachanganyikiwa. Silinda inayomisi hufanya jambo lilelile, kwa kuwa hewa yake inatoka bila kuungua. Mkikuta masizi kwenye plagi na namba za juu kwenye skrini kwa wakati mmoja, acheni nozeli. Sikilizeni ekzosi injini ikiwa baridi, kisha pimeni koili moja moja.

Kwa wenzetu wa nyanda za juu, kuna kipimo kimoja cha bure kwa gari lenye sensa ya presha ya manifoldi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Dar au Mombasa isome karibu na kilopaskali 101. Nairobi na Mbeya isome karibu na 83. Gari lililo Nairobi likisoma 100 injini ikiwa haijawashwa, kompyuta inahesabu hewa ambayo haipo, na mafuta yatazidi hata kila kitu kingine kikiwa kipya. Wazee wa kabureta walilijua hili kwa uzoefu; gari lililosetiwa Tanga mjini likipanda Lushoto lilikuwa linatoa moshi.

Mashine nazo tuziangalie. Kile kisomaji kidogo cha Bluetooth kinachouzwa kila kona kinazungumza OBD-II, ambayo Marekani ililazimisha kuanzia magari ya 1996 na Ulaya kuanzia 2001 kwa magari ya petroli. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 hayaijui lugha hiyo. Subaru walikuwa na mfumo wao wa Select Monitor. Kisomaji kikishindwa kuunganisha, msimwambie mteja kompyuta imekufa. Tafuteni mashine inayosema lugha ya gari hilo.

Kwa nini nasisitiza turbo? Tunaambiana kwamba mafuta yakizidi injini iko salama, yakipungua ndipo inakufa. Kwa dakika chache za kukanyaga, ni kweli. Kwa miezi, si kweli. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye sampu. Chomoa dipstiki ya gari kama hilo unuse: inanuka petroli, na wakati mwingine oili imepanda juu ya alama. Oili hiyo nyepesi ndiyo inayobeba shafti ya turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na ndiyo inayobeba beringi za kongrodi, ambazo kwenye EJ zenye turbo mnajua jinsi zinavyogonga. Masega ya ekzosi nayo yanapata moto kupita kiasi, yanayeyuka na kuziba. Kisha mteja anauziwa turbo, na baadaye injini nzima ya mtumba, na mpira uliochanika unahamia kwenye injini mpya.

Najua kwa nini hatupimi. Mteja analipa spea bila ubishi, lakini ukimwambia umetumia saa mbili kupima anauliza, "Umefanya nini sasa?" Basi fundi anajikuta anakula kwenye spea. Nawaomba tuweke bei ya kupima, iandikwe ukutani, na mteja apewe karatasi yenye namba zake: joto la maji, STFT na LTFT kwenye sailensi na kwenye 2,500, presha ya mafuta, na kama injini imejazwa upepo na imevujia wapi. Akienda kwa fundi mwingine, kazi ianzie hapo tulipoishia. Na ninyi wenye magari mtakaosomewa barua hii, lipeni saa hizo mbili. Ni ndogo kuliko bei ya sensa moja ambayo gari lenu halikuihitaji.

Mkishapata ugonjwa na kuuponya, futeni marekebisho ya zamani kwenye kompyuta, liendesheni gari mpaka lipashike vizuri, msome namba upya, kisha mpande nalo mlima. Na oili pamoja na filta yake vibadilishwe siku hiyohiyo, hata kama stika kwenye mlango inasema bado kilomita elfu tatu.

Wenu katika kazi,
Fundi mwenzenu